Mtoto Anayekoroma na Meno Yake: Mwongozo Kamili kwa Mzazi

Nilimpeleka mwanangu wa pili kwa daktari wa meno akiwa na miaka 5, nikiwa nimejiandaa kusomewa hotuba ya pipi. Meno manne ya mbele ya juu yalikuwa yameanza kuliwa pale yanapokutana na fizi, na mimi ndiye niliyekuwa nampigisha mswaki asubuhi na jioni, kwa hiyo nilikuwa na aibu na hasira kwa pamoja. Daktari hakuuliza habari za pipi. Alimwinua mdomo wa juu kwa kidole, akazitazama fizi zilizovimba na kung'aa kama zimepakwa mafuta, akaniuliza, "Mama, huyu usiku analala mdomo wazi?"

Ndiyo, daktari. Na anakoroma. Na mto unalowa udenda, na anazunguka kitandani mpaka asubuhi unamkuta kichwa kiko upande wa miguu. Nyumbani tulikuwa tunacheka. Bibi yake alishatoa hukumu kwamba amemfuata babu yake, ambaye akilala ukumbini hata jirani anajua. Hakuna aliyewaza kwamba meno na mkoromo ni kesi moja.

Niliyoyaandika hapa ndiyo niliyotamani mtu anieleze siku ile, kwa mpangilio wa kufuata nyumbani kabla ya kufika hospitali, na baadaye.

Kwanza, elewa kazi ya mate

Mtoto akila kitu chenye sukari au wanga, bakteria walio kwenye ukoga wa meno hukigeuza kuwa asidi. pH ya kinywani (kipimo ambacho hushuka asidi ikizidi) ikifika chini ya 5.5 hivi, enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, huanza kupoteza madini yake. Mate ndiyo yanayoipoza asidi hiyo, yanasuuza mabaki, na yanarudisha madini kwenye jino. Tatizo ni kwamba mate hupungua sana tunapolala, hata kwa mtu mwenye afya njema. Anayepumua kwa mdomo anayakausha hata hayo machache yaliyobaki, kwa saa tisa au kumi mfululizo.

Ndiyo maana meno ya mbele ya juu huumia mapema: mdomo umeyaacha wazi, hewa inapita juu yake usiku kucha. Ya mbele ya chini mara nyingi hunusurika, kwa sababu ulimi unayafunika na tezi za mate ziko papo hapo chini yake. Ukiona mtoto ana mbele ya juu kubaya na mbele ya chini kuzuri, usikimbilie kumlaumu dada wa kazi kwa pipi.

Kuna jambo la pili linalokwenda polepole zaidi. Mtoto anayepumua kwa pua, ulimi wake hupumzika juu, umeegemea kaakaa, na ni kama kalibu inayolipanua taya la juu likiwa bado laini. Anayepumua kwa mdomo lazima aushushe ulimi ili hewa ipite. Kaakaa linabaki jembamba na kuchongoka juu kama paa la msonge, meno yanakosa nafasi na kubanana, ya mbele yanatokeza nje, na uso unarefuka.

Hatua ya 1: Msikilize usiku, siku saba

Mafua ya wiki moja humkoromesha mtoto yeyote. Unachotafuta ni mkoromo wa mara tatu au zaidi kwa wiki, pua ikiwa haina mafua. Chukua daftari, andika kila siku: amekoroma au hapana, mdomo wazi au umefungwa, ametokwa jasho, amekojoa kitandani baada ya kuwa ameshaacha, ameamka na kichwa kinauma. Andika pia kusaga meno. Najua kwetu mtoto akisaga meno anapewa dawa ya minyoo. Dawa ya minyoo apewe kwa ratiba yake, lakini kusaga meno huandamana mara nyingi na usingizi uliokatikakatika, na hiyo ni taarifa ambayo daktari anaitaka.

Jambo kubwa kuliko yote ni pumzi kukatika. Kifua kinapanda na kushuka kama anavuta hewa, lakini sauti imezimika. Kisha anashtuka, anakoroma kwa nguvu, anaendelea. Kwa mtoto, kukosa hata pumzi mbili mfululizo kunahesabiwa. Kwenye kipimo cha usingizi, zaidi ya tukio moja kwa saa si kawaida kwa mtoto, wakati kwa mtu mzima kikomo ni matano.

Mpige video ya dakika mbili kwa simu, shati likiwa limefunguliwa ili kifua kionekane. Usimpige saa tatu usiku alipoingia tu kitandani. Kwa watoto hali huwa mbaya zaidi kwenye usingizi wa ndoto, na huo huongezeka kuelekea asubuhi, kwa hiyo weka kengele ya saa 10 alfajiri. Hiyo video ilinisaidia kuliko maelezo yangu yote, maana mchana mtoto anaingia kwa daktari anarukaruka na kila mtu anakuona wewe ndiye mgonjwa.

Na kurukaruka kwenyewe ni dalili. Mtu mzima asiyelala vizuri husinzia kazini. Mtoto mara nyingi hufanya kinyume, anakuwa mtundu, hatulii darasani, analia kwa kitu kidogo.

Hatua ya 2: Mtazame mchana

Mlaze kichwa mapajani mwako penye mwanga, uinue mdomo wa juu. Fanya hivi mara moja kwa mwezi. Mstari mweupe wa chaki karibu na fizi ni mwanzo wa kuoza, na hapo bado jino linaweza kurudishiwa madini. Ukisubiri doa liwe la kahawia na kulika, umeshachelewa kwa njia hiyo. (Kama mnaishi Arusha, Kilimanjaro au popote Bonde la Ufa ambako maji yana floridi nyingi, rangi ya kahawia kwenye meno ya ukubwani inaweza kuwa ya maji, si ya kuoza. Daktari atakutofautishia.)

Tazama kaakaa: ni pana au limechongoka? Mwambie ang'ate, uone kama magego ya juu yanaingia ndani ya yale ya chini badala ya kuyafunika kwa nje. Mtoto wa miaka 6, angalia nyuma kabisa ya magego ya utoto: gego la kwanza la ukubwani huota pale kimyakimya, bila jino lolote kung'oka, na wazazi wengi hulidhania la utoto na kuliacha lioze.

Sasa pua. Shika kioo kidogo chini ya matundu yake, mdomo ukiwa umefungwa. Ukungu utokee pande zote mbili. Kwa mtoto anayeelewa maelekezo, mpe funda la maji alishikilie mdomoni bila kumeza. Mwenye pua wazi hufika dakika moja bila taabu, mwenye pua iliyoziba anatema au anameza haraka ili apate hewa. Usilazimishe.

Hatua ya 3: Badilisha jioni

Hapa ndipo mzazi ana nguvu zaidi, na unaanza leo hata kama miadi ya hospitali ni ya mwezi ujao. Kinywa cha mtoto huyu kinaingia usiku bila ulinzi, kwa hiyo kinachokutwa kwenye meno saa mbili usiku ndicho kitakachokaa hapo hadi alfajiri.

Utaratibu wetu ulikuwa hivi. Chakula cha jioni, kisha dawa zote za kunywa, kisha dawa ya kuvuta kama anayo, kisha mswaki, kisha maji matupu tu. Mpangilio huo una sababu. Dawa nyingi za maji za kikohozi na mafua zina sukari, na sisi huzitoa saa ya kulala, mtoto akiwa ameshapigishwa mswaki. Uliza duka la dawa kama ipo isiyo na sukari au ya kidonge. Za mafua na mzio zinazoleta usingizi hukausha mate pia, juu ya ukavu uliopo. Ukimpa, mpe kwa sababu ameandikiwa, si kwa sababu zinamlaza.

Mwenye pumu anayevuta dawa asukutue na kutema kila baada ya kuvuta, hasa zile za steroidi, ambazo huweza kuleta utando mweupe wa fangasi mdomoni. Avute kupitia chombo cha kati (spacer), kinachokaa kati ya dawa na mdomo. Kama hakipatikani, wahudumu wa afya hukitengeneza kwa chupa ya plastiki ya nusu lita, nayo inafanya kazi, waombe wakuonyeshe. Kwa chombo hicho dawa nyingi zaidi hufika kifuani na kidogo zaidi hubaki mdomoni.

Mswaki wenyewe: chini ya miaka 3, dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele, miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya njegere. Iwe na floridi ya ppm 1,000 au zaidi. Soma nyuma ya boksi. Mswaki wa mti unasafisha vizuri, ila hauna floridi, na mtoto huyu anaihitaji. Piga wewe mwenyewe mpaka afike miaka 7 au 8. Kabla ya umri huo vidole vyake havijaiva kwa kazi hiyo hata akikuapia. Elekeza nyuzi kwenye mpaka wa jino na fizi, ukianza na mbele ya juu. Fizi zikitoa damu kidogo, endelea kwa upole, kwa sababu zinatoa damu kutokana na ukoga na ukavu, na ukiziogopa zitazidi. Akimaliza ateme povu, asisukutue kwa maji mengi. Floridi inayobaki kwenye jino ndiyo tunayoitaka.

Mpake mafuta ya mgando midomoni, weka kikombe cha maji karibu na kitanda. Chai ya sukari kwenye chupa, juisi, uji mtamu wa saa nne usiku, hivyo vyote viishe. Mchana punguza vinavyonata na kuchachuka kwa wakati mmoja. Ubuyu wa rangi ndio mfalme wa kundi hilo: una asidi, una sukari, na unafyonzwa nusu saa nzima. Akila, ale mara moja pamoja na chakula, si mfuko wa kutembea nao.

Hatua ya 4: Safisha pua na chumba

Chemsha maji, yaache yapoe, weka kwenye robo lita chumvi pungufu kidogo ya nusu kijiko cha chai. Matone machache kila tundu kabla ya kulala, apenge au umvute kamasi kwa mpira. Tengeneza mapya kila siku. Matone ya dukani ya kuzibua pua si ya kutumia kiholela kwa watoto, na hata yakiandikwa yasizidi siku tano, la sivyo pua huziba zaidi yakiachwa. Usimtie mafuta ya kupikia wala samli puani: yanaweza kushuka mapafuni na kuleta nimonia. Na ile mitindo ya mitandaoni ya kumbandika mtoto plasta mdomoni ili apumue kwa pua, tafadhali. Pua ikiwa imeziba, mdomo ndiyo njia aliyobaki nayo.

Chumbani toa moshi. Dawa ya mbu ya kuchoma ibadilishwe na chandarua. Udi na ubani vifukizwe sebuleni, mtoto akiwa nje. Jiko la mkaa lisiingie ndani kamwe. Mto wa sufi wa zamani una vumbi na wadudu wake, mpe unaofulika, na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto kila wiki.

Hatua ya 5: Nenda kwa madaktari wawili, si mmoja

Wa kinywa na meno, na wa masikio, pua na koo. Wa pili hupatikana hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC Moshi na Bugando Mwanza, na baadhi ya hospitali za mikoa. Omba rufaa kituo cha karibu, na kama una bima uliza mapema inalipia nini.

Atatafuta mambo mawili hasa. Mafindofindo, anayoyapa daraja kuanzia 1 hadi 4 kwa jinsi yanavyoziba koo. Na adenoidi, ambazo mtaani tunaziita nyama za puani. Ziko nyuma ya pua, huwezi kuziona kwa kumfungua mdomo, hivyo hupigwa picha ya eksirei ya shingo kwa ubavu au kuchunguzwa kwa kamera nyembamba. Huwa kubwa zaidi kati ya miaka 3 na 7, kisha husinyaa. Kipimo kamili cha usingizi ni adimu kwetu. Pengine mtoto atafungwa kidoleni kifaa cha kupima oksijeni usiku kucha, na matokeo yake yakisomwa pamoja na video yako yanatosha kuamua mengi.

Mwenye seli mundu au hali ya Down (Down syndrome) asisubiri foleni ya kawaida, kwa sababu pumzi kukatika usingizini huwapata zaidi, na kwa wa seli mundu kushuka kwa oksijeni ni hatari ya peke yake. Na mtoto yeyote ambaye midomo imegeuka bluu au kijivu, mbavu zinabonyea mchana, au hawezi kumeza hata mate, huyo ni wa dharura, leo hii.

Niseme jambo kuhusu kimeo. Ndugu watakuambia umpeleke kwa mzee fulani akakatwe. Kimeo kinaonekana kirefu kwa sababu ndicho kinachoning'inia mbele ya macho, ilhali kinachoziba kiko juu yake na pembeni yake. Watoto wamefika hospitali wakivuja damu na wengine na maambukizi baada ya kisu hicho. Vivyo hivyo kung'oa "meno ya plastiki" kwa mtoto mchanga: ni vichipukizi vya meno ya utoto, na kuving'oa huacha kasoro hadi kwenye meno ya ukubwani.

Mkubali kwamba si kila mtoto atapasuliwa kutolewa mafindofindo na adenoidi. Kama chanzo ni mzio, dawa ya steroidi ya kupuliza puani kwa wiki kadhaa inaweza kutosha (elekeza ncha upande wa sikio, si katikati ya pua). Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013, wenye watoto 464 wa miaka 5 hadi 9, ulikuta kwamba baada ya miezi saba vipimo vya usingizi vilirudi kawaida kwa asilimia 79 ya waliopasuliwa na asilimia 46 ya waliosubiri chini ya uangalizi. Nami nauona umuhimu wa maneno mawili ya mwisho: chini ya uangalizi. Kumwacha bila tarehe ya kurudi ni kumtelekeza.

Hatua ya 6: Meno yaliyokwisha kuoza

Mwambie daktari wa meno kuhusu mkoromo kabla hajapendekeza dawa yoyote ya usingizi. Hili usilisahau hata ukisahau mengine. Mtoto ambaye koo linajifunga akilala kawaida, hujifunga zaidi akilazwa kwa dawa. Kama lazima alazwe nusukaputi, iwe hospitali yenye mtaalamu wa dawa za usingizi na vifaa vya kumwangalia. Ukibahatika, timu mbili zinaweza kupanga atibiwe meno na koo kwa safari moja ya usingizi.

Mara nyingi inawezekana kuepuka. Madoa meupe hupakwa floridi kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Mashimo yanaweza kusimamishwa kwa dawa ya maji yenye fedha na floridi, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021: inapakwa kwa dakika chache, haihitaji sindano wala mashine. Kasoro yake ni kwamba sehemu iliyooza inakuwa nyeusi kabisa. Wangu alitembea na meno mawili meusi ya mbele mpaka yalipong'oka yenyewe, na kila shangazi alikuwa na maoni. Hayakumuuma tena hata siku moja. Meno ya utoto yashikie nafasi ya yajayo. Ukiyang'oa mapema kwenye taya ambalo tayari ni jembamba, unaongeza msongamano.

Hatua ya 7: Akipasuliwa

Wiki mbili nyumbani. Utando mweupe kooni na harufu mbaya ni kawaida, wala si sababu ya kuacha mswaki. Piga taratibu, asisukutue kwa nguvu. Wageni watakuja na juisi na aiskrimu. Pokea kwa shukrani, mpe aiskrimu baada ya chakula, na katikati anywe maji kwa wingi, maana koo likikauka linauma zaidi. Paracetamol kwa uzito wake. Aspirini hapana, na kodeini hapana: mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza isitumike kwa watoto baada ya upasuaji huu, kufuatia vifo. Damu nyekundu wakati wowote, hasa kati ya siku ya 5 na ya 10 magamba yanapobanduka, ni safari ya kurudi hospitali bila kusubiri asubuhi.

Hatua ya 8: Taya na mazoea

Njia ikishafunguka, mtoto anaweza kuendelea kuacha mdomo wazi kwa mazoea tu. Mkumbushe mchana: midomo imefungwa, ulimi juu. Kama kaakaa ni jembamba au anang'ata kwa kukinzana (magego ya juu kuingia ndani ya yale ya chini), muone daktari wa kupanga meno kabla hajabalehe, kwa sababu mfupa wa kaakaa bado una mshono unaoweza kupanuliwa kwa kifaa, na kuupanua huongeza nafasi ya pua pia. Tabia ya kunyonya kidole iachwe. Ila usilipie nyaya za meno wakati pua bado imeziba. Ulimi utabaki chini na meno yatajaribu kurudi yalikotoka.

Baada ya wiki sita hadi nane, weka tena kengele ya saa 10 alfajiri, ufungue shati, upige video nyingine. Ya kwetu nilipoitazama nilidhani simu imeharibika sauti. Nikaongeza sauti mpaka mwisho, nikasikia feni, na mbwa wa jirani.